Kongosho Linapovimba: Kumuuguza Paka Mwenye Kisukari

Mwenye paka wa kisukari huishi kwa saa. Saa moja asubuhi chakula na sindano, saa moja jioni chakula na sindano, na kati ya hapo mambo mengine ya nyumbani yanaendelea. Utaratibu wote huu umejengwa juu ya jambo ambalo siku za kawaida hulifikirii kabisa, nalo ni kwamba paka atakula. Siku akinusa kisahani, akageuza uso na kwenda kujikunyata chini ya kochi, hesabu yote inavurugika. Ukimdunga insulini tumbo likiwa tupu, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Ukiacha insulini moja kwa moja, mwili wake unaweza kujaa ketoni, yaani mabaki ya mafuta yanayoyeyushwa, ambayo hufanya damu iwe tindikali. Na miongoni mwa sababu za paka wa kisukari kugoma kula ghafla, kongosho lililovimba liko mstari wa mbele.

Mwongozo huu ni wa siku hizo. Nauandika nikijua kwamba una daktari wa mifugo unayeweza kumpigia simu, kwa sababu ugonjwa huu hautibiwi kwa maandishi. Lakini daktari anamwona paka kwa nusu saa, wewe unabaki naye usiku kucha. Nikutajie msimamo wangu mapema: katika siku hizi usihangaike kutafuta sukari nzuri. Anza na maumivu na kichefuchefu, kwa sababu paka mwenye maumivu hali, na paka asiyekula hana namna salama ya kudungwa. Sukari ikikaa juu kidogo kwa siku kadhaa si msiba, mradi haishuki mno na ketoni hazipandi.

Kilichotokea tumboni

Kongosho lina kazi mbili. Linatengeneza insulini, na linatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Vimeng'enya hivyo hutoka vikiwa vimelala na kuamka vikishafika kwenye utumbo mwembamba. Kongosho linapougua, vinaamka vikiwa bado humohumo ndani na kuanza kulisaga kongosho lenyewe. Ndiyo maana maumivu yake ni makali. Binadamu waliougua ugonjwa huu huukumbuka maisha yao yote. Uvimbe huo nao unaweza kuharibu chembe zinazotoa insulini, na wakati huohuo kuufanya mwili usiitikie vizuri insulini unayomdunga. Kwa hiyo usishangae ukiona sukari inapanda kwa paka ambaye hajala chochote tangu jana.

Paka ana jambo lake la kimaumbile linaloongeza matatizo. Mfereji wa kongosho lake huungana na ule wa nyongo kabla ya kuingia kwenye utumbo, basi kinachowaka sehemu moja huvuka kwa jirani. Mara nyingi kongosho, mirija ya nyongo na utumbo huugua pamoja, hali ambayo madaktari huiita triadaitisi. Daktari akitaka kupima ini na kupiga ultrasaundi ya tumbo zima wakati wewe umeleta kesi ya kongosho, usidhani anakuongezea bili.

Sababu hasa ya ugonjwa mara nyingi haijulikani. Kwa mbwa, mlo wenye mafuta mengi hulaumiwa, na kwa haki. Kwa paka uhusiano huo haujaonekana hivyo. Usijilaumu kwa kipande cha samaki ulichompa Ijumaa.

Kuyasoma maumivu

Mbwa akiumwa tumbo utamwona anahangaika. Paka ananyamaza. Si wote wanaotapika, na wapo ambao dalili yao pekee ni kutokula, kulala kupita kawaida na kujificha mahali ambapo hawajawahi kujificha. Mwingine hukaa amejikunja, miguu yote minne chini ya tumbo, mgongo umepinda, kichwa kimeinama, macho nusu wazi, ukadhani amepumzika tu. Ukimbeba kwa kumshika tumboni anakaza misuli au analalama. Na usidanganyike na mngurumo wake, maana paka hunguruma akifurahi na hunguruma akiumia pia.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa paka. Ni chombo kizuri kwa mtu wa nyumbani kwa sababu hakihitaji kumgusa. Tazama mambo matano. Masikio: yamesimama yakielekea mbele, au yameachana na kugeukia nje? Macho: yamefunguka, au yamebanwa? Mdomo na pua: vimelegea kwa umbo la duara, au vimekazika na kuwa kama yai? Sharubu: zimelegea na kupinda, au zimenyooka zikichomoza mbele? Kichwa: kiko juu ya mabega, au kimeshuka chini yake? Kila kimoja kipe 0 kama hakuna dalili, 1 kama ipo kiasi au huna uhakika, 2 kama ipo waziwazi. Jumla ikifika 4 kati ya 10, paka huyo anahitaji dawa ya maumivu au dozi yake iangaliwe upya. Mpime akiwa macho na ametulia, si akiwa amelala, anakula au anajilamba. Kisha mpige picha ya uso kwa simu, asubuhi na jioni. Picha mbili za siku mbili tofauti zitamweleza daktari mengi kuliko wewe kusema "naona kama ana nafuu".

Kichefuchefu nacho kina sura yake. Paka analamba midomo ovyo, anameza mate mara kwa mara, pengine yanamchuruzika. Anakwenda kwenye chakula kwa hamu, ananusa, halafu anarudi nyuma kama aliyetukanwa. Huyo ana njaa ila tumbo limekataa, na kumbadilishia vyakula hakutasaidia hadi apewe dawa ya kichefuchefu.

Lini umpeleke, na useme nini

Kwa paka asiye na kisukari, kuruka mlo mmoja si jambo la kukimbizana. Kwa wako, mlo mmoja aliougoma ni sababu ya kupiga simu, na mlo uliogomwa pamoja na kutapika ni sababu ya kwenda siku hiyohiyo. Nenda mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya: anatapika mfululizo, amelegea hawezi kusimama, mwili umepoa (joto la kawaida la paka ni kama 38 hadi 39 za selisiasi), anahema kwa nguvu, fizi au ndani ya masikio pamekuwa njano, pumzi yake inanuka kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha au matunda yaliyooza, au kipimo cha mkojo kinaonyesha ketoni.

Kabla ya kutoka, andika kwenye karatasi: aina ya insulini, uniti ngapi, saa ngapi alidungwa mara ya mwisho, alikula nini na kiasi gani mara ya mwisho, ametapika mara ngapi, vipimo vya sukari vya siku mbili zilizopita. Chukua chupa yenyewe ya insulini na sindano unazotumia. Watu hutaja "insulini ya paka" tu, na daktari wa zamu asiyemjua mgonjwa anabaki kukisia.

Kliniki nyingi katika miji yetu zimezoea ng'ombe, kuku na mbwa wa ulinzi zaidi ya paka wa kisukari. Hilo si tusi kwa madaktari. Ndiyo kazi inayoletwa mlangoni. Piga simu uulize kama wana mashine ya kupima sukari, kama wanaweza kumlaza paka kwa dripu, na kama wana dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Ukiwa karibu na Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na kwa walio Nairobi kuna kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Ulizia hayo yote paka akiwa mzima, na uzibandike namba za simu ukutani.

Matibabu yenyewe hayana siri kubwa. Hakuna dawa moja inayokwenda kulizima kongosho. Paka anasaidiwa hadi uvimbe upungue wenyewe. Anapewa dripu kurudisha maji na chumvi za mwili, dawa ya kichefuchefu kama maropitanti au ondansetroni, na dawa ya maumivu, mara nyingi buprenofini. Hapa usione haya kuuliza wazi: "Daktari, amepewa nini cha maumivu?" Paka aliyenyamaza ni rahisi kuonekana hana shida. Daktari akitaja steroidi, mkumbushe kwamba mgonjwa ana kisukari. Wakati mwingine zinahitajika, hasa utumbo na nyongo zikiwa zimehusika, lakini hupandisha sukari, na ni lazima mpango wa insulini ubadilike pamoja nazo.

Wasomaji walioko Marekani au Ulaya, ambako zimeingia dawa za kisukari za kunywa kama bexagliflozini na velagliflozini, wana onyo lao. Paka anayetumia dawa hizi anaweza kujaa ketoni huku sukari yake ikisoma vizuri kabisa. Akigoma kula, usimpe dozi inayofuata, piga simu. Namba nzuri kwenye mashine isikutulize.

Na jambo moja ambalo halina mjadala: usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Panadol, ambayo ndani yake ni parasetamo, humuua paka, na kidonge kimoja kinatosha, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Dawa za ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo ziache kwenye kabati. Kila mtu nyumbani ajue hili, hasa yule mwenye huruma nyingi.

Sindano ya insulini paka asipokula

Hapa ndipo watu hukosea kwa pande mbili. Mmoja anaogopa sukari kushuka, anaacha insulini siku mbili tatu. Mwili usio na insulini hauwezi kutumia sukari iliyomo kwenye damu, unaanza kuyeyusha mafuta, na mafuta yanazaa ketoni, na ketoni zikizidi damu inakuwa tindikali. Mgonjwa mwenye uvimbe mwilini hufika huko haraka kuliko mzima. Mwingine anashikilia saa na dozi kama sheria, anamdunga uniti zote kama kawaida, na ifikapo saa nane mchana paka anatetemeka sakafuni.

Njia ya katikati ni kupima kwanza, na kuwa na mpango ulioandikwa na daktari anayemjua paka wako. Usitoke kliniki bila karatasi inayojibu maswali haya: akila chakula chote nimpe uniti ngapi? Akila nusu? Asipokula kabisa, na sukari ikiwa juu? Asipokula na sukari ikiwa chini? Madaktari wengi hupunguza dozi hadi nusu hivi kwa paka anayekula kidogo, na hutaka upige simu kabla ya kudunga kama sukari ya kabla ya sindano iko chini ya 10 mmol/L, au karibu hapo. Lakini namba za paka wako ni zile zilizo kwenye karatasi yake, kwa sababu zinategemea aina ya insulini na historia yake. Kama mashine yako inasoma kwa mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L.

Utaratibu wa kila sindano ubadilike hivi. Pima sukari. Mpe chakula. Subiri kama nusu saa uone kama chakula kimekaa. Ndipo udunge kiasi ambacho karatasi imesema. Akitapika baada ya kudungwa, usirudie sindano. Mpime sukari mara kwa mara na mpigie daktari.

Damu ya kupima huchukuliwa pembeni mwa sikio. Pasha soksi safi yenye mchele ndani, iguse sikioni hadi lipate uvuguvugu, weka kipande cha pamba nyuma ya sikio kikinge kidole chako, kisha choma ukingo wa nje, kandokando ya ule mshipa mwembamba unaouona ukimulika tochi. Tone dogo kama kichwa cha pini linatosha. Bana hapo kwa sekunde chache baadaye ili pasivilie damu. Mashine za binadamu zinafaa ukikosa nyingine, ila kwa damu ya paka husoma chini kuliko ukweli. Ile ya wanyama yenye mpangilio wa paka ni bora. Tumia mashine moja tu muda wote, vinginevyo utakuwa unalinganisha vitu visivyolingana. Pia kumbuka hofu peke yake humpandishia paka sukari. Kipimo kikubwa kilichochukuliwa baada ya vurugu za safari ya kliniki kisikufanye uongeze dozi. Kwa kweli, katika ugonjwa huu usiongeze dozi kwa uamuzi wako hata siku moja.

Ketoni hupimwa kwa vijiti vya mkojo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ya binadamu. Kazi ni kuupata mkojo. Wapo wanaomwahi paka kwa upawa mrefu akiwa amechuchumaa, nao hufaulu kuliko unavyodhani. Wengine huondoa mchanga wa choo na kuweka kokoto safi zisizonyonya maji. Pima kila siku wakati wa ugonjwa. Rangi ikibadilika, hata kama ni hafifu, ni simu kwa daktari. Ikikolea, ni safari.

Sasa kuhusu sindano zenyewe, maana kosa la hapa linaua paka mwenye afya, sembuse mgonjwa. Insulini za wanyama kama Caninsulin na ProZinc ni za nguvu ya U-40, yaani uniti 40 kwa mililita. Glajini ya binadamu, ambayo paka wengi huitumia, kwa kawaida ni U-100. Kila moja ina sindano yake. Ukivuta insulini ya U-100 kwa sindano ya U-40 hadi alama ya 1, umempa uniti mbili na nusu. Ukifanya kinyume chake, umempa chini ya nusu ya dozi. Sindano nyingi zinazouzwa maduka ya dawa mitaani ni U-100, basi ukiishiwa za kwako na kununua za hapo, soma maandishi kabla hujalipa.

Hatari nyingine inatokana na nyumba kuwa na watu wengi wenye nia njema. Mama amemdunga kabla ya kwenda sokoni, kijana ameamka akaona sindano mezani, naye akadunga. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji yenye safu za tarehe, saa, sukari, alichokula, uniti, na nani amedunga. Jina liandikwe sindano ikiwa bado mkononi. Kukiwa na shaka yoyote kama alidungwa au la, asidungwe tena. Kuikosa dozi moja kunarekebishika kwa urahisi kuliko dozi mbili. (Jirani akishangaa, "Jamani, hadi paka anachomwa sindano?", mwonyeshe hiyo karatasi. Maswali huisha.)

Sukari ikishuka chini ya 3.5 mmol/L hivi, au paka akianza kuyumba, kutetemeka, kutazama kama asiyekuona, au kupata degedege, usipoteze muda kutafuta stripu ya kupimia sukari. Kama anaweza kumeza, mpe chakula chochote anachokubali, hata chenye wanga, na umlambishe asali au glukosi iliyokorogwa na maji. Kama hawezi, mpake asali hiyo kwenye fizi kwa ncha ya kidole, kidogokidogo, bila kumimina kooni na bila kupitisha kidole katikati ya meno. Mpime baada ya dakika 10 au 15. Hata akizinduka na kutembea, mpeleke kliniki, kwa sababu insulini uliyodunga itaendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa wakati asali imekwisha.

Umeme ukikatika, insulini isikutie wazimu. Chupa iliyo ndani ya friji lisilofunguliwafunguliwa hukaa salama saa nyingi. Kukiwa na joto la Mombasa au Muscat na umeme haurudi, iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha ndani ya mtungi wa udongo wenye unyevu uliokaa kivulini. Kosa baya zaidi ni kuibandika kwenye barafu. Insulini ikiganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Chakula

Zamani mgonjwa wa kongosho aliachwa na njaa ili kiungo kipumzike. Kwa paka wazo hilo limeachwa. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini kwa wingi usioweza kuchakatwa, na ini linaanza kushindwa. Ugonjwa huo wa pili unaweza kumuua hata kongosho likiwa linapona.

Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku akiwa amelala tu. Kama hajala siku kadhaa, usilenge kiasi hicho siku ya kwanza. Theluthi moja inatosha, na uongeze taratibu kwa siku tatu hivi, maana mwili uliozoea njaa hudhurika ukijazwa ghafla. Pima chakula kwa mizani ya jikoni kabla na baada. "Amekula kidogo" haimsaidii daktari. "Amekula gramu 15 kati ya 60" inamsaidia.

Siku za kawaida umemzoesha chakula laini chenye nyama nyingi na wanga kidogo. Wakati wa ugonjwa legeza masharti hayo. Akikubali vile vipande vikavu ulivyompiga marufuku mwaka jana, mpe. Mpashie chakula kifikie joto la mwili, kwani harufu ndiyo inayomwita. Mpe vijiko viwili, kaa mbali, ondoa kisahani baada ya dakika 20, rudi baadaye. Usimzungushie bakuli tano; paka mwenye kichefuchefu akizungukwa na harufu za chakula huichukia aina hiyo moja kwa moja, na hapo utakuwa umempotezea mlo wake wa kila siku. Kwa sababu hiyohiyo usifiche dawa chungu ndani ya chakula anachokipenda, wala usimsukumie uji mdomoni kwa bomba. Anaweza kuuvuta hadi kwenye mapafu.

Kuku aliyechemshwa kwa maji matupu anafaa, na vilevile samaki aliyetolewa miiba. Tatizo liko kwenye neno "matupu". Mchuzi wetu huanza na kitunguu, na kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi, vilivyopikwa au vya unga. Vidonge vya kukolezea supu vina unga wa vitunguu na chumvi nyingi. Mchemshie chake pembeni kwenye sufuria ndogo, kabla ya viungo kuingia jikoni.

Dawa ya hamu ya kula ipo. Mirtazapini huja kama kidonge, na katika baadhi ya nchi kama marhamu inayopakwa upande wa ndani wa sikio. Mpakaji avae glavu. Kapromorelini ni nyingine, lakini huweza kupandisha sukari, kwa hiyo daktari akiitaja, mkumbushe tena kuhusu kisukari. Zote hufanya kazi baada ya maumivu na kichefuchefu kudhibitiwa. Kumpa paka anayeumia dawa ya njaa ni kumwongezea adha.

Asipokula kabisa baada ya siku mbili za matibabu, daktari anaweza kupendekeza mrija wa chakula unaoingia kupitia ubavuni mwa shingo. Watu huogopa wakiuona, na naelewa. Paka mwenye bandeji shingoni na mrija unaoning'inia anatia huruma. Lakini kwa paka wa kisukari mimi naona ni neema ambayo hutolewa kwa kuchelewa. Huwekwa kwa usingizi mfupi wa dawa, hauumi ukishakaa, na unaweza kutumika kwa wiki kadhaa. Dawa zinapita humo bila mieleka, maji yanapita humo, na zaidi ya yote unajua hasa ni kiasi gani cha chakula kimeingia kabla ya kudunga. Wasiwasi wa "akila, asipokula" unakwisha. Chakula kisagwe laini, kiwe na uvuguvugu, kiingizwe polepole kwa dakika 10 hadi 15, na mrija usafishwe kwa maji kidogo kabla na baada. Ukiziba, jaribu maji ya uvuguvugu kwa kusukuma na kuvuta taratibu. Angalia ngozi kuzunguka tundu kila siku. Usaha au uwekundu ni wa kuonyesha daktari.

Kumtunza akirudi nyumbani

Buprenofini ya majimaji huwekwa mdomoni, kati ya shavu na fizi, haimezwi; hunyonywa na utando wa mdomo. Akishapewa, mboni za macho zitapanuka, na wengine huwa na mapenzi ya ghafla, wanajisugua kila mahali. Hilo ni la kawaida. Mpe saa zilizoandikwa, usingoje uone maumivu yamerudi.

Mtengee chumba kimoja kidogo, chenye joto la kutosha, maji karibu, na choo chenye ukingo mfupi asihitaji kuruka. Mpime uzito kila baada ya siku mbili: panda mizani ukiwa umembeba, kisha bila yeye. Mizani sahihi zaidi ni ile ya kupimia watoto wachanga. Hesabu madonge ya mkojo chooni. Yakiongezeka ghafla sukari iko juu, yakipotea hana maji mwilini. Kama umefundishwa kumwongezea maji chini ya ngozi, fuata kiasi ulichoelekezwa tu.

Kuna gharama pia, na ni vizuri kuzitaja. Kulazwa kwa siku kadhaa kwa dripu, vipimo na mrija kunaweza kuzidi mfuko wa mwenye paka wa kawaida. Mwambie daktari uwezo wako tangu mwanzo, akusaidie kupanga kipi kinatangulia. Dawa ya maumivu, ya kichefuchefu na maji huja kwanza. Ultrasaundi inaweza kungoja. Na ikiwa ketoni zimemzidi, ini limeshindwa na hakuna njia ya kumlaza, kumlalisha kwa sindano ili asiteseke ni uamuzi halali ambao daktari mwema hatakuhukumu kwa kuuzungumza.

Anapoanza kupona

Wengi hulegeza uangalizi hapa, na hapa ndipo sukari hushuka bila taarifa. Uvimbe ukipungua, mwili unaanza kuitikia insulini upya, na dozi iliyokuwa haitoshi wiki iliyopita sasa inakuwa nyingi. Kwa wiki mbili tatu za mwanzo endelea kupima kabla ya kila sindano, na mara kadhaa katikati ya mchana, saa nne hadi nane baada ya kudunga, wakati insulini nyingi huwa kwenye kilele. Namba zikianza kuteremka siku hadi siku, mpigie daktari kabla hazijafika chini. Wapo paka ambao kongosho likitulia hupunguziwa insulini hadi kuachishwa kabisa kwa muda.

Urudishe mlo wake wa zamani taratibu, ukichanganya kidogokidogo kwa wiki nzima. Mwombe daktari apime vitamini B12, kwa sababu paka wenye ugonjwa wa kongosho na utumbo hupungukiwa nayo, na upungufu huo peke yake huua hamu ya kula. Tiba yake ni sindano au vidonge vya bei nafuu. Wengine hubaki na uvimbe mdogo unaowaka na kuzima miaka yote, kwa hiyo kabla ya kufunga jalada la safari hii muulize daktari kama unaweza kuwa na dozi chache za dawa ya kichefuchefu nyumbani, na akuandikie saa ya kuzitumia na saa ya kutozitumia. Weka karatasi hiyo pamoja na vijiti vya ketoni, asali, stripu ambazo hazijaisha muda na zile picha mbili za uso wake, ya siku mbaya na ya siku nzuri, ili mwingine atakayebaki naye wewe ukiwa safarini ajue anachotafuta.